Diwani Mwenye Tope Kwenye Buti

Katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, halmashauri nyingi za vijijini huongozwa na wakulima wa ngano. Asubuhi diwani yuko juu ya trekta. Jioni anajadili kalavati lililozidiwa na maji ya theluji inayoyeyuka. Nawavulia kofia kwa sababu anayeishi na matokeo ya uamuzi wake huamua kwa makini. Barabara ya changarawe anayoipigia kura ndiyo itakayopitisha lori la mavuno yake, na kodi anayoiidhinisha inatozwa kwenye shamba lake pia.

Wapo watakaosema mtu wa namna hiyo atatanguliza greda mbele ya lango lake, na kwamba upeo wake unaishia kwenye mpaka wa shamba. Hofu ya upendeleo ni ya haki, ndiyo maana kura zipo. Hilo la upeo silikubali. Katika miaka ya 1910 halmashauri ya Sarnia, jimboni humo, kwa kuogopa kumpoteza daktari wake, iliamua kumlipa kutokana na kodi. Mwaka 1916 sheria ya jimbo ikaruhusu utaratibu huo. Baadaye Matt Anderson, mkulima mzaliwa wa Norway aliyeongoza halmashauri ya McKillop, alipigania bima ya matibabu ya kuchangiana hadi sheria ikapitishwa mwaka 1939. Jimbo zima lilipata bima ya matibabu ya umma mwaka 1962, likiwa la kwanza Kanada, karibu nusu karne baada ya wakulima wa Sarnia kuanza kumchangia daktari wao.