Herini Iliyosahauliwa

Mtu asimamaye Milimani, katika mji wa Kisumu, jioni ya siku za kiangazi, huona jambo la ajabu: kule chini ziwa limejaa maji, na hapa miguuni pake majani yamekauka mithili ya karatasi. Hali hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye hadithi ya Grace Ogot, The Rain Came, iliyomo katika kitabu chake Land Without Thunder cha mwaka 1968. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1930, akafariki mwaka 2015. Kwao ni Asembo, nchi ya ziwa hilohilo, na asili ya hadithi ni ngano aliyosimuliwa na bibi yake utotoni.

Nchi imekosa mvua. Ndithi, mganga wa mvua, amemwambia mtemi Labong'o kwamba haitanyesha ila Oganda, binti pekee wa mtemi, atolewe kwa dubwana la ziwani. Wazee wanakutana kwa siri. Oganda, masikini, hudhani wanamtafutia mume, na moyo wake unamwendea kijana Osinda. Apatapo kuijua kweli, watu wa kijiji wamekwisha kuanza kucheza ngoma. Kisha anashika njia peke yake, kwa miguu, kwenda ziwani.

Aghalabu watu husoma hadithi hii kwa ajili ya dubwana. Nawasihi wasomaji vijana wasimame kidogo kabla ya kulifikia. Njiani Oganda anakutana na kundi la watu, na mtoto mdogo anapenya katikati yao. Mtoto huyo anafumbua ngumi iliyoloa jasho, na ndani yake mna herini ndogo. Dada yake alikufa juma lililopita na kuisahau herini hiyo. Basi anamwomba Oganda ampelekee huko aendako. Oganda anashangaa. Wazima kuwapelekea wafu salamu si jambo geni kwake, lakini zawadi! Hata hivyo anaipokea, na yeye anampa mtoto maji yake na chakula chake.

Sijui mahali pengine katika hadithi zetu ambapo upendo umeonyeshwa kwa kitu kidogo kuliko hicho. Mtemi analia, kijiji kizima kinamsifu Oganda, lakini hapana hata mmoja kati yao aliyejiuliza binti huyu anahitaji nini saa ile. Mtoto ndiye aliyekaa akafikiri juu ya mtu mmoja, dada yake, na juu ya kitu kimoja alichokikosa. Naye Oganda, ambaye maji hayana faida tena kwake, hakuyaacha yamwagike. Alitazama akaona nani ana kiu. Watu wawili hao wanafahamiana kwa dakika chache tu, na bado kila mmoja anamtendea mwenziwe lile hasa linalomfaa.

Kwa macho hayo mtazameni sasa Osinda. Anatokea mwishoni, Oganda akiwa karibu na maji. Kijana mwingine angekuja na mkuki na maneno makubwa. Osinda amekuja na vazi la majani, la kumfunika Oganda asionekane na mizimu wala asifikiwe na hasira ya dubwana. Yamkini msomaji wa leo atacheka: majani yatazuia nini? Lakini Osinda alijua kwamba mpenzi wake haogopi mauti tu. Anaogopa pia macho ya wahenga aliolelewa kuwaheshimu. Hakumwambia kuwa hofu hiyo ni upuuzi. Aliishonea nguo. Huo ndio uhodari wake, nami nauona ni mkubwa kuliko mbio walizopiga baadaye, mvua ikinyesha nyuma yao. Grace Ogot mwenyewe alipata mtu wa namna hiyo: Bethwell Ogot, mwanahistoria aliyeoana naye mwaka 1959, alizisoma barua za uchumba wao kwa uangalifu hata akaona sanaa ndani yake, akamhimiza awe mwandishi.

Washairi wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate anafundisha kwamba mume akilala asiamshwe, apepewe, na mke asiondoke karibu naye, asije akaamka akapata taabu ya kumtafuta. Shauri hilo la mwisho ni la mtu aliyepata kupenda kweli. Walakini nina neno na utendi huo: upepeo uko katika mkono wa mke siku zote. Hakuna beti inayomtaka mume ampepee mkewe, na wema unaodaiwa kwa mmoja tu huwa mzigo upesi. Kwa Oganda na mtoto yule wema ulikwenda na kurudi.

Hadithi ina kasoro. Osinda twamjua kidogo mno. Kabla hajatokea kichakani ni jina tu katika mawazo ya Oganda, na mwandishi angemwonyesha akikata majani hayo usiku, ningeridhika zaidi.

Na iko ile herini. Oganda hakufika kwa wafu. Nilipowauliza wanafunzi wachache waliokuja kusoma nami barazani, hapa Milimani, aifanyeje, walibishana hata giza likaingia. Mmoja alisema airudishe. Mwingine akasema aizike ufukoni, karibu na maji, maana ahadi ni ahadi. Binti aliyekuwa kimya muda wote akasema Oganda aivae sikioni, ili akikutana tena na mtoto yule ajue haikupotea.