Mtindo Mmoja, Majeshi Mawili: Uhakiki wa Brashi Yangu Mwenyewe

Katika uhakiki wa fasihi tumefundishwa kuuliza kama fani inayabeba maudhui au inakaa kando yake kama pambo. Katika insha hii ninalipeleka swali hilo mahali lisipozoeleka: kwenye sanamu za plastiki zisizozidi urefu wa kidole, zinazotumika katika mchezo wa vita wa mezani uitwao Warhammer 40,000. Kazi ninayoihakiki ni yangu mwenyewe. Jeshi la kwanza nililipaka rangi vizuri, la pili nikaliharibu kwa mtindo uleule, na ilinichukua miezi kuelewa kwamba kosa halikuwa la mkono.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana miongoni mwetu hapa Kampala wanaoujua ni wachache. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na Games Workshop, kampuni ya Uingereza yenye makao yake Nottingham. Mchezaji hununua sanamu zikiwa vipande visivyo na rangi. Huvikata, huviunga kwa gundi, huvipaka, ndipo akacheza kwa dadu na futikamba. Kaka yangu alikwenda kusoma katika mji huohuo, akarudi na boksi la askari waitwao Space Marines, akanipa.

Space Marines huvaa deraya nzito zenye bapa pana na kingo zilizonyooka. Niliwapaka buluu ya kikosi cha Ultramarines, nikifuata mtindo wa 'Eavy Metal, timu ya wapakaji wa kampuni yenyewe: rangi safi isiyo na doa, kisha mstari mwembamba wa buluu nyepesi kwenye kila ukingo. Askari 10 walinimalizia likizo nzima. Mtindo huu una mantiki yake. Kazi za timu hiyo hupigwa picha za kuwekwa kwenye maboksi na katika jarida la White Dwarf, na lengo ni mnunuzi aone kila kifungo na kila kiungo. Mstari wa ukingo unasema: chuma hiki kinaishia hapa, kingine kinaanzia hapa. Kwa deraya, huo ni ukweli.

Jeshi langu la pili ni Tyranids. Hawa ni viumbe wenye magamba, misuli na kucha, wanaokuja kwa wingi kama siafu, wakiongozwa na akili moja. Nikashika brashi ileile na kuchora mstari kwenye kila ukingo wa kila gamba. Nilipomaliza 12 niliwapanga mezani nikawatazama. Kila mmoja alionekana amevaa bati. Nyama haikuonekana nyama, na jicho halikuwa na pa kutua, kwa kuwa kila sehemu iling'aa sawa na nyingine.

Hapo nikakumbuka kalamu nyekundu. Mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa naanza kila insha kwa "Wahenga walisema". Kiswahili si lugha yangu ya kwanza. Maneno hayo yalinivusha mitihani ya sekondari, nikadhani yatanivusha popote. Mhadhiri wangu aliandika pembeni: "Methali hii inafanya kazi gani hapa?" Sikuwa na jibu. Sasa swali lilikuwa limenirudia mezani: mstari huu unafanya kazi gani hapa?

Nikaanza upya. Niliwapulizia viumbe wale rangi nyeusi mwili mzima, kisha nyeupe kutoka juu tu, ili mwanga ukae mgongoni na kivuli kibaki tumboni. Juu yake nikatumia rangi za Contrast, zilizotolewa na kampuni hiyohiyo mwaka 2019. Ni rangi nyepesi zinazotiririka, zikajikusanya kwenye mifereji na kuacha vilele vikiwa vyeupevyeupe. Niliwahi kuzijaribu kwenye bapa la Space Marine nikapata mabaka. Kwenye ngozi yenye mikunjo, dakika chache zilitosha kufanya kile ambacho mstari ulishindwa kwa saa nzima. Uangalifu wa zamani niliubakiza kwa uso na kucha, kwa sababu hapo ndipo ilipo hatari ya kiumbe huyu.

Msomaji anaweza kunipinga kwa mfano wa John Blanche, mchoraji aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa Games Workshop. Rangi zake za kahawia, nyekundu na weusi hutambulikana mara moja, iwe anachora askari au mtawa. Wapakaji wanaomfuata huzihamishia kwenye jeshi lolote, na zinafaa. Je, hilo halivunji hoja yangu? Naona linaithibitisha. Mtindo wa Blanche ni msimamo kuhusu ulimwengu mzima wa mchezo huu: kwamba umechakaa na unaoza. Msimamo huo una kazi popote unapokwenda. Mstari wangu haukuwa na msimamo wowote, ulikuwa mazoea.

Pingamizi la pili lilitoka nyumbani. Kaka alipoliona jeshi jipya aliuliza, "Mdogo wangu, hizi kweli umepaka wewe?" Swali liliniuma, kwa kuwa mtindo ni kama sahihi ya mtu. Nilimwonyesha vitako vya sanamu. Majeshi yote mawili yanasimama juu ya udongo mwekundu wa uani kwetu, niliouchekecha kwa chujio la chai na kuubandika kwa gundi nyeupe. Kote mwanga unatoka juu. Kote uso ndio uliopewa muda mrefu zaidi. Alitazama kwa muda, akasema bado anawapenda wale wa buluu. Simlaumu. Ule uvumilivu wa ukingo hadi ukingo haumo katika jeshi la pili, na anayeliona peke yake anaweza kudhani nilikuwa na haraka.

Kwa kuhitimisha, kinachostahili kuhamishwa kutoka jeshi moja hadi jingine ni uamuzi wa nini kionekane kwanza na kwa nini. Njia ya kukionyesha itafutwe upya kila mara. Brashi yangu nyembamba bado ninayo. Jeshi la tatu likija, nitaliangalia kwanza kabla sijaichovya.