Shule ya Sheria na Mkulima wa Hanang

Kitivo cha kwanza cha elimu ya juu katika nchi yetu hakikuwa cha udaktari wala cha kilimo. Kilikuwa cha sheria. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wasiozidi kumi na watano, nacho kilizaliwa ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Hadi 1964 kilipohamia Mlimani, wanasheria wetu wa kwanza walisoma chini ya paa la Chama. Makada wengi vijana hawalijui jambo hili, na hata baadhi ya wanasheria wenyewe wanapenda kulisahau.

Haja ya shule ile haina ubishi. Ukoloni ulihakikisha kwamba Mwafrika wa Tanganyika anakuwa karani, mkalimani wa mahakama au mshitakiwa. Siku ya Uhuru mawakili Waafrika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kamati ya Denning huko Uingereza ilikwisha kupendekeza Dar es Salaam iwe mahali pa shule hiyo, na tangu 1963, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, Makerere ilishika udaktari, Nairobi uhandisi, na Dar es Salaam sheria. Vijana wa Kenya na Uganda nao wakaja kusoma kwetu. Mji ulikuwa unakua, bandari, wizara na Mahakama Kuu vyote vilikuwapo hapo. Kwa upande wa majengo na vitabu, uamuzi ulikuwa sahihi.

Lakini shule haipimwi kwa majengo. Tunauliza: shule ya sheria iliyojengwa katika mji mkubwa inamsomesha mwanasheria wa nani? Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba kijana afanye kazi kwanza, na wenzake kazini pamoja na Chama wamshuhudie, ndipo aingie Chuo Kikuu. Hizo zilikuwa hatua juu ya mwanafunzi. Juu ya sheria yenyewe aliyofundishwa, hatua zilikuwa chache. Wapo walimu Mlimani waliofundisha sheria pamoja na historia na uchumi wake, nao wanastahili heshima. Hata hivyo kitabu cha sheria alichokwenda nacho kijana kazini kilikuwa bado kitabu cha Gavana.

Mfano tunautoa Hanang. Kuanzia miaka ya 1970 lililokuwa Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Eneo lilifika eka zipatazo 100,000. Taifa lilihitaji mkate, na hakuna mjamaa anayepinga shamba la umma. Ila ardhi ile haikuwa tupu. Wafugaji wa Kibarbaig walikuwa na utaratibu wa kuhamisha mifugo kwa majira, na sehemu zenye rutuba wanazoziita muhajega zilikuwa akiba ya malisho bora. Mpimaji aliyefika wakati ng'ombe wako kwingine aliona pori. Trekta zilipita hata juu ya bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wao.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, Halmashauri ya Kijiji pamoja na watu 67. Walishinda Mahakama Kuu ya Arusha. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Ilitamka kwamba Halmashauri haikuthibitisha kuwa iligawiwa ardhi ile kwa utaratibu uliowekwa, na kwamba wanakijiji nao hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya 1923. Ndugu wanafunzi, tusomeni hapo pole pole. Miaka 24 baada ya Uhuru, mkulima wa Hanang anadaiwa athibitishe uenyeji wake kwa kipimo kilichoandikwa na mkoloni, akishindana na shirika la umma ambalo kwa nadharia ni mali yake mwenyewe.

Majaji walifuata sheria iliyokuwapo na ushahidi uliokuwapo. Kasoro ilianza nyuma zaidi. Ushahidi haukuandaliwa kwa sababu hakuna aliyewaambia wanakijiji mapema kwamba neno hilo moja ndilo litakaloamua kesi. Mwanasheria alikuwa mjini, na sheria ilikuwa kwa Kiingereza. Kijiji kilikuwa na mwenyekiti, katibu na muhuri, kikadhani kwamba kuandikishwa kuwa kijiji ni sawa na kupewa ardhi.

Mwaka 1987 ikatoka amri ya serikali iliyofuta haki za mila za ardhi katika vijiji vingi vya mkoa wa Arusha wa wakati huo, na mwaka 1992 ikafuata sheria iliyozuia mashauri ya namna hiyo yasisikilizwe mahakamani. Jibu la mambo hayo lilitoka Kambi ya Simba, Mbulumbulu, katika Karatu ya leo ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mbulu. Mkulima mmoja na mwanawe waliipinga sheria ile, na katika kesi inayojulikana kwa jina la Akonaay, Mahakama ya Rufani mwaka 1994 ilitamka kwamba haki ya ardhi ya mila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba jasho lililotiwa katika ardhi linastahili fidia ya haki hata kama hakuna jengo wala mti wa kudumu. Mahakama iliegemea maandishi ya Mwalimu juu ya mali na kazi. Hapa fikra za Chama zilimlinda mkulima dhidi ya sheria iliyopitishwa na wawakilishi wake mwenyewe. (Jasho la mfugaji, anayetunza malisho kwa kuyaacha yapumzike, bado linahitaji mwanasheria wa kulieleza.)

Je, Kitivo kilikuwa wapi? Haki isemwe. Kamati yake ya Msaada wa Kisheria iliwasimamia Wabarbaig katika kesi nyingine dhidi ya NAFCO iliyofunguliwa Arusha mwaka 1988. Walimu walisafiri, wakakaa na wazee, wakajifunza muhajega ni nini. Lakini kazi hiyo ilikuwa ya kujitolea, ya pembeni, baada ya vipindi. Tunaikosoa shule kwa hilo: kazi iliyopaswa kuwa somo la lazima ilikuwa hisani ya walimu wachache.

Nchi ilipoanzisha shule nyingine ya umma ya wanasheria, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kwa sheria ya 2007 na masomo kuanzia 2008, iliwekwa tena Dar es Salaam. Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. Kelele zikawa nyingi, ikaundwa kamati chini ya Ndugu Harrison Mwakyembe. Mabishano yote yalikuwa juu ya nani wa kulaumiwa, mwalimu, mwanafunzi au vyuo vilivyomtuma. Hatukusikia mtu akiuliza kama hao 26 wangeweza kuandaa ushahidi wa kijiji cha Mulbadaw.

Wako wanaosema dawa ni kuihamishia shule mikoani. Sisi hatuamini kwamba kuhama peke yake kunatosha. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto, milimani, na vyuo vya sheria vimefika Mzumbe, Iringa, Mwanza na Dodoma, lakini mazoea ya kusubiri mteja mwenye fedha yamefika huko pia. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ni nyenzo kubwa kuliko jengo jipya, iwapo mitihani na vitabu vya shule vitaifuata.

Tunachodai kinatekelezeka. Mafunzo ya vitendo yasiishie katika ofisi za mawakili wa mjini. Sehemu yake ifanyike katika mabaraza ya ardhi ya vijiji yaliyoundwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, pamoja na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya 2017. Mwanafunzi akae Katesh au Dongobesh msimu mzima, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, maana mpaka wa malisho hauonekani vizuri katika msimu mmoja. Aandike ushahidi wa wazee kwa Kiswahili, na mkalimani wa Kiiraqw au Kidatoga awepo. Kazi hiyo ipewe alama. Matawi ya Chama yanayoandaa mapokezi ya viongozi kwa siku mbili hayashindwi kumtafutia mwanafunzi mmoja chumba na mwenyeji wa kumpeleka mipakani.