Fanani Kando ya Pazia: Kuhusu Uwasilishaji wa Filamu na Santuri za Kale

Imekuwa ada katika idara zetu kuiita filamu ya kabla ya 1927 "bubu", kisha kuionyesha katika kimya kana kwamba kimya hicho ni sehemu ya matini. Makala hii inaipinga ada hiyo. Ububu ulikuwa wa utepe, si wa onyesho. Mbele ya hadhira mara nyingi palikuwapo mpiga piano, au msimulizi, au wote wawili.

Japani inatupa ushahidi ulio wazi zaidi. Huko msimulizi, aliyeitwa benshi, alisimama kando ya pazia, akaeleza kisa na kuwasemea wahusika wote, na wapo watazamaji waliolipa kiingilio kwa ajili ya jina lake kuliko la mwigizaji. Filamu za sauti zilipoenea katika miaka ya 1930, wengi walipoteza riziki. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Alijiua mwaka 1933. Hata hivyo sanaa yenyewe haikufa: Sawato Midori ameitekeleza tangu miaka ya 1970. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hahitaji istilahi mpya hapa. Benshi ni fanani.

Kwetu, suala hili lilijitokeza kwa sura nyingine katika Bantu Educational Kinema Experiment, mradi uliofadhiliwa hasa na Carnegie Corporation ya New York na kuendeshwa kutoka Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa. Picha zilikuwa za milimita 16, na maneno yakatiwa katika santuri kwa Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo, Kiganda na lugha nyinginezo, ili picha ile ile isemeshwe kila lugha. Kulinganisha santuri na picha kulikuwa na taabu zake. Lakini taabu kubwa, kwa maoni yangu, ni ya kiuhakiki: santuri haisubiri kicheko kiishe, haijibu swali, wala haitambui kwamba mkulima aliyeketi mbele yake analijua shamba kuliko msemaji. Waandalizi walitenga lugha na picha, jambo la busara. Kisha wakamfungia fanani ndani ya sahani.

Santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928, zadai uangalifu huo huo. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua takriban dakika tatu. Anayezicheza darasani bila neno humwachia mwanafunzi aamini kwamba taarabu ilikuwa fupi hivyo, isiyo na watunzaji wala wa kuitikia. (Kuna wanaodhani ufafanuzi huharibu usikilizaji. Sijapata kuishawishika.)

Inashangaza basi kwamba wahakiki wetu huwachukulia DJ Afro wa Kenya na marehemu Lufufu wa Tanzania, wanaojulikana kwa kutia masimulizi ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, kuwa kichekesho cha vibanda vya video. Wao ndio waliomtoa fanani ndani ya sahani. Chache kati ya zile filamu 35 zimehifadhiwa London. Zikiletwa kuonyeshwa chuoni, asimamishwe msimulizi wa namna hiyo kando ya pazia, tena awe na ruhusa ya kubishana na picha.