Tangi la Tanganyika Mjini Bukavu: Namna ya Kulitambua Lililo Zuri

Mgeni akikaribishwa sebuleni, iwe Muhumba au Nguba, akakuta tangi kubwa la kioo limepangwa ukutani, jicho lake hukimbilia rangi. Hutafuta samaki mwekundu zaidi, au yule mwenye milia ya kupendeza. Mjuzi huanza na mawe. Mawe yakiwa meupe, yamesuguliwa kama sufuria ya sikukuu, hasemi kitu. Yakiwa yamevaa utando mfupi wa mwani wa kijani, na utando huo una alama za meno kama majani yaliyopitiwa na mbuzi, anavuta kiti.

Ulaya na Marekani wafugaji wengi hupimana kwa matumbawe magumu, yale yanayokuzwa baharini Indonesia na kusafirishwa kwa ndege. Mtu wa Bukavu anayeyataka hayo itambidi aunde bahari yake mwenyewe: gramu 35 za chumvi kwa kila lita ya maji, kisha kuongeza kalsiamu bila kukoma, kwa kuwa matumbawe huinyonya ili kujijengea mifupa. Kivu ya Kusini ina fahari iliyo karibu zaidi. Ni samaki wa miamba wa Ziwa Tanganyika, ambao kwao ni pwani ya Uvira na Fizi, chini kabisa ya bonde la mto Ruzizi.

Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, na ndani yake kuna spishi zipatazo 240 za jamii ya sikilidi, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Mwaka 1959 Georges Marlier, mtafiti wa kituo cha sayansi cha IRSAC huko Uvira, alimwandika kwa mara ya kwanza kwenye sayansi samaki aitwaye Tropheus duboisi: akiwa mtoto ni mweusi mwenye vitone vyeupe kama usiku wa nyota, akikomaa kichwa kinakuwa cha buluu na mwilini unabaki mshipi mmoja mweupe. Baadaye Mbelgiji Pierre Brichard alifungua biashara ya kuwasafirisha samaki hao kutoka Bujumbura, na mwaka 1974 mmoja wao akapewa jina lake, Neolamprologus brichardi.

Maji kwanza

Bukavu imebahatika kwa jambo ambalo wafugaji wa ng'ambo hulinunua kwa kopo. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika karibu mita 770, na Ruzizi ndio ngazi kati yake. Chumvi nyingi zinazoingia Tanganyika kwa njia ya mito hutoka Kivu. Ndiyo maana maji ya maziwa yote mawili ni ya magadi, pH yake ikikaribia 9.

Lakini hayalingani. Maji ya Kivu yana chumvi karibu mara mbili ya yale ya Tanganyika. Mfugaji hodari huyachanganya na maji ya mvua, ndoo kwa ndoo, na huyachota mbali na ufuo, kule sabuni na taka za mji zisikofika. Akitumia maji ya bomba ya REGIDESO, huyaacha kwanza yapigwe hewa siku nzima ili klorini itoke. Mwulize tu amebadilisha maji lini na kiasi gani. Anayejibu papo hapo, "Jumapili, robo ya tangi," ni mtu wa kuaminika kuliko yule anayeanza kukutajia bei ya chujio.

Hapa ndipo wanaoanza hujikwaa. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na ukali wa amonia hutegemea pH. Kwenye maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, haifiki hata sehemu moja kwa mia iliyo katika hali ya sumu. Kwenye pH 9, inazidi theluthi. Kosa dogo la kulisha kupita kiasi, ambalo samaki wa mto wangelivumilia, huku huua usiku mmoja. Kinga yake ni bakteria wanaokaa kwenye sponji na mawe, nao huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Kwa hiyo tangi la wiki mbili, hata ling'ae vipi, bado si tangi la kusifiwa. Inamisha pua juu ya maji: lililokomaa linanukia udongo baada ya mvua. Likinuka yai bovu, mchanga umeoza chini.

Samaki mmoja mmoja

Tropheus ni mlaji wa mwani mwenye utumbo mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake. Mtazame akijisaidia, bila haya. Kinyesi cha kijani au kahawia ni afya. Uzi mweupe unaoning'inia, pamoja na samaki kujitenga na kukataa chakula, ni mwanzo wa ugonjwa wa kuvimba tumbo, na kundi zima linaweza kuisha katika siku chache.

Mjini Bukavu ugonjwa huu una kishawishi chake: sambaza. Samaki huyo mdogo, aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, ni rahisi kupata, na wapo wanaomsaga wakamlisha kila kiumbe cha tangini. Kwa frontosa, sikilidi mwingine ambaye kwao ziwani hula samaki wenzake, hakuna neno. Kwa Tropheus ni hatari. Anayejua kazi yake hutenga makopo mawili, la unga wa sambaza na la chakula cha mimea.

Frontosa naye ana mtihani wake. Huishi kwenye kina, mara nyingi zaidi ya mita 20, na mvuvi mwenye haraka akimpandisha kwa mkupuo mmoja, kibofu chake cha hewa hufura. Mvuvi mzuri humpandisha kwa vituo. Mnunuzi amsubiri samaki atulie: akielea bila juhudi, sawa. Akiwa anapigapiga mapezi muda wote ili asiibuke, mkia juu na kichwa chini, safari yake ilikuwa mbaya. Nundu ya kipaji isimdanganye mtu, kwani hata samaki aliyekonda hubaki nayo. Aangalie mgongo nyuma ya kichwa, uwe umejaa.

Jamii

Tropheus watano kwenye tangi ni fujo, maana mkubwa humchagua mmoja na kumfukuza mpaka afe. Kumi na watano au zaidi, kwenye lita 300 na kuendelea, hugawana ugomvi. Tafuta pembeni, juu, nyuma ya kipasha maji: samaki aliyejificha hapo na mapezi yaliyochanika ndiye anayetoa habari ambayo mwenye nyumba hataitoa.

Neolamprologus multifasciatus ni kinyume chake. Hafikii urefu wa kidole, na nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Wakiwa wametulia, huchimba mchanga kwa midomo mpaka kombe lizame na kubaki tundu tu. Ukiona watoto wa saizi tatu tofauti kuzunguka matundu hayo, tangi limekuwa sawa kwa miezi mingi.

Usiku bila umeme

Maji ya Kivu ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Ruzizi I na II, lakini umeme wa SNEL hukatika hata hivyo. Wastani wa joto la Bukavu ni kama nyuzi 20, na Tanganyika ni 24 hadi 27. Tangi la lita 60 hupoa haraka. Lile la lita 300, lenye mfuniko na blanketi pande tatu, huhimili usiku.

Mwenye ujuzi akiwa na betri moja tu, haiunganishi na kipasha maji. Huiunganisha na pampu ya hewa, kwa kuwa samaki na bakteria wa chujio huishiwa oksijeni kabla baridi haijawaumiza. Halishi mpaka umeme urudi. Na ukirudi, hunusa kwanza chujio lililofungwa: likinuka, huliosha kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, lisije likatapika sumu ndani.

Ziara ya kumaliza ubishi, basi, ni ya alfajiri baada ya usiku wa giza. Kipimajoto kinasoma 23, pampu inakoroma taratibu kwenye betri, na Tropheus wameshatoka, vichwa vikiwa vimeelekezwa kwenye mawe, wakikwangua kijani.