Tundu Moja Katika Plastiki ya Chupa

Mwaka 1998 timu ya Roderick MacKinnon wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, Marekani, ilichapisha umbo la mlango wa potasiamu katika utando wa seli ya bakteria. Milango ya aina hii hupitisha ayoni zinazokaribia milioni 100 kwa sekunde, na kwa kila 10,000 za potasiamu, ya sodiamu huponyoka moja tu, japo sodiamu ndiyo ndogo. Ayoni haipiti mpaka ivue maji yanayoizunguka, na ukutani kuna oksijeni zinazoshika nafasi ya maji hayo. Potasiamu inazienea barabara. Sodiamu haizifikii zote, basi hubaki nje na maji yake.

Kuliiga hilo kwa plastiki ni kazi ngumu. Katika kituo cha GSI mjini Darmstadt, Ujerumani, karatasi nyembamba ya plastiki ya PET, ile ya chupa za maji, yenye unene wa maikromita 12, hupigwa na ayoni nzito kama ya dhahabu. Ikishapenywa na ayoni moja, kifaa kilicho nyuma yake hukata mwale wa ayoni papo hapo.

Kinachobaki ni njia ya plastiki iliyovurugika, si tundu bado. Upande mmoja huwekwa kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, na upande wa pili asidi ya fomiki. Kostiki hula njia hiyo polepole, ikitanua nyuma kuliko mbele. Ikitokeza tu, asidi huizima. Kila upande hutiwa waya wa umeme, na kwa kuwa ule wa chanya uko upande wa kostiki, umeme nao huvuta haidroksaidi za kostiki, zenye chaji hasi, zirudi nyuma. Mkondo ukianza kupita, fundi anajua tundu limefunguka. Ufundi wote uko hapa, katika kujua pa kukomea: matokeo ni koni yenye mdomo wa mamia ya nanomita na ncha ya nanomita chache.

Kuta zilizoliwa hubaki na chaji hasi, kwa hiyo ayoni chanya hupita na hasi husukumwa, tena kwa wepesi zaidi kutoka nchani kwenda mdomoni. Mwaka 2002 Zuzanna Siwy na Andrzej Fuliński walilipa tundu kama hilo volti inayopanda na kushuka, likasukuma potasiamu kuelekea kwenye potasiamu nyingi zaidi. Hiyo ni pampu, bila protini hata moja!

Lakini tusilikuze. Koni hii hutambua chaji, haitambui potasiamu na sodiamu kama mlango wa MacKinnon. Isitoshe, chumvi ikikolea, nguvu ya kuta haifiki katikati ya tundu na uchaguzi hulegea. Ukisikia utando wa namna hii unasifiwa kwa kusafisha maji ya bahari, uliza kwanza ulijaribiwa kwenye chumvi kiasi gani.