Kitufe cha Kusimamisha Mota

Kijana wa Kambove, mji wa Katanga nchini Kongo, anayemaliza masomo ya umeme hapati diploma kwa kalamu peke yake. Kando ya karatasi za Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kuna juri ya vitendo: anapewa waya, kontakta (swichi inayovutwa na koili ya umeme) na mota, kisha anaambiwa aanze. Ninachokistahi katika matayarisho yake si kule mota kuzunguka, maana huzunguka hata mikononi mwa fundi mbovu. Nastahi mambo anayojifunza kuyawaza kabla haijazunguka.

Tazama kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota. Kimeandikwa 220/380, na karakana ina volti 380 kati ya fezi na fezi. Je, mota hii itawashwa kwa nyota-pembetatu? Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Ikianzia kwenye nyota, mkondo huo unashuka hadi theluthi, na ikishika kasi inahamishiwa pembetatu. Aliyekariri atajibu ndiyo, haraka. Aliyesoma kibati ataona kwamba kila koili imetengenezwa kwa volti 220. Kwenye pembetatu ingepokea 380 na kuungua. Mota hii ni ya kubaki kwenye nyota. Njia ya nyota-pembetatu inataka kibati cha 380/660. Swali zima limefichwa katika mkwaju kati ya namba mbili, na kijana hujifunza kusimama hapo kwanza, kabla ya kugusa bisibisi.

Halafu mchoro wa amri. Hapa naweza kukaa siku nzima. Kitufe cha kuwasha kiko wazi, ukikibonyeza kinaunganisha. Cha kusimamisha ni kinyume: mkondo unapita ndani yake muda wote mota inapofanya kazi, na kukibonyeza ni kuukata. Kwa nini? Kwa sababu panya hung'ata, skrubu hulegea, waya hukatika. Kama amri ya kusimama ingehitaji mkondo kufika, waya uliokatika ungenyamaza tu mpaka siku mkono wa mtu uvutwe na mkanda. Kwa mpango huu, waya ukikatika mota inasimama yenyewe, na kosa limejitangaza. Aliyebuni jambo hili alimfikiria mtu ambaye hatamwona kamwe.

Vivyo hivyo kontakta ya nyota na ile ya pembetatu. Zikifunga pamoja, fezi tatu zinagongana. Kwa hiyo waya wa koili ya kila moja hupitishwa kwenye kiungo cha mwenzake, hii ikishika ile haiwezi. Na fundi mzuri bado hatosheki: anaongeza kizuizi cha kimakanika kati ya hizo mbili.

Nchi hii inayahitaji mambo haya kuliko vitabu vinavyosema. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza mwaka 1930 kuhudumia viwanda vya shaba vya Likasi. Shaba ya Katanga husafishwa kwa umeme, na umeme wenyewe hupita kwenye shaba. Lakini umeme wa leo unakatika, unarudi bila kubisha hodi. Fikiria kiwanda cha kusaga mawe, au karakana ya mitaani yenye msumeno: umeme umekatika, mtu ameinama kuondoa kilichokwama, mara umeme unarudi. Kontakta iliyounganishwa vema haijiwashi. Kiungo kinachoishikilia kiliachia pale umeme ulipokatika, nayo inangoja kidole. Kazi hiyo inafanywa na waya mmoja, na mteja hatajua kamwe kwamba upo. Sijui sifa kubwa zaidi ya ufundi kuliko hiyo.

Mazoezi ya mwisho ni ya kuhakikisha kwamba umeme haupo. Swichi kuu imezimwa na kufungwa kwa kufuli. Kijana anajaribu kipimo chake mahali anapojua umeme upo: kinaonyesha. Anapima kazi yake: hakuna. Kisha anarudi kujaribu kipimo mahali pale pa kwanza, maana huenda kilikufa katikati, na kipimo kilichokufa nacho husema hakuna. Mwanafunzi mwenye haraka hulipita jaribio hili la tatu, ndiyo sababu mwalimu humrudisha na kumwambia, "Mwanangu, anza upya," hata kama kila kitu kingine kiko sawa.